Bahari Iko Mwisho wa Mtaa

Wanangu wa Tanga, nawaandikia ningali na macho ya kuona na miguu ya kunifikisha ufukweni. Nina onyo, nami nitalitoa mapema lisije likapotelea katikati ya maneno. Mnakulia katika mji wenye vitu ambavyo watu hupanda ndege kuja kuviona, nanyi mnavipita asubuhi na jioni bila kuvijua hata majina. Mkiendelea hivyo mtapata hasara mara mbili. Mtaikosa raha isiyo na kiingilio, iliyo hatua chache kutoka mlangoni. Kisha vitu hivyo vitaondoka, nanyi hamtajua kuwa vimeondoka.

Hasara hii ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi. Anayeujua mti, siku akikuta kisiki atauliza nani kaukata na kwa ruhusa ya nani. Asiyeujua ataona kiwanja kimekuwa cheupe, ashukuru kwamba sasa bodaboda zina pa kuegeshwa.

Chukueni ua moja tu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa na mamlaka ya wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikiona kimmea kifupi kwenye nyufa za mawe ya chokaa, chini ya kivuli cha miti, si mbali na mji huu. Kingine kilikuwa juu huko Usambara. Majani yake ni manene, yamejaa vinyweleo laini. Ua lake ni la zambarau iliyoelekea buluu, na katikati pana vijinundu viwili vya njano. Akakipeleka kwao, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akakipa jina la kitaalamu, Saintpaulia, kutokana na ukoo wa ofisa yule. Leo kinauzwa kwa mamilioni, kimekaa vyunguni kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani. Bibi wa Hannover ambaye hajawahi kuikanyaga Afrika anajua kwamba maji baridi yakimwagikia majani yake yataacha madoa, na kwamba jani moja likichomekwa udongoni litatoa mche mpya. Sasa niambieni, ni wangapi kati yenu mmekiona kimeshika kwenye jiwe lake, hapa kilikotoka?

Simlaumu bibi wa Hannover kwa kukipenda. Kinachoniuma ni kwamba kimmea hiki hakiliwezi jua kali. Msitu ukifyekwa juu yake, hata kama hakuna mkono uliokigusa, kinanyauka palepale kwenye jiwe. Zipo sehemu kilikokuwa kikiota zamani ambako sasa hakipo, na aliyefyeka miti ile yumkini hakujua kwamba chini palikuwa na kitu.

Na samaki wetu silikanti je? Dunia nzima iliamini ametoweka pamoja na dainosari, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Miaka ya 2000 majarife ya wavuvi wetu, yale ya kutega papa kwenye kina kirefu, yakaanza kumtoa huku kwetu: samaki mkubwa wa rangi ya buluu yenye madoa meupe, mapezi yake yamekaa juu ya vikono vya nyama. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari yenye jina lake, hapahapa Tanga. Huyu hamtamwona, anakaa kinani gizani. Namtaja ili siku mkiketi Raskazone mkitazama maji mjue kwamba mbele yenu kuna makazi ambayo wataalamu wa dunia wanayaonea wivu.

Najua shule moja hapa mjini iliyowachangisha wazazi nauli ya basi kwenda hifadhi ya Mikumi. Watoto waliondoka alfajiri, wakaona twiga na pundamilia kupitia kioo, wakarudi wamechoka hoi. Sina ugomvi na Mikumi, nayo ni yetu. Lakini watoto haohao walikuwa hawajapelekwa Amboni hata siku moja, kilomita kama 8 tu kutoka katikati ya mji, kwenye barabara ya Horohoro. Mapango ya Amboni ni mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari zama za dainosari. Mtoto angeweka kiganja chake ukutani akagusa kilichokuwa sakafu ya bahari, akasikia popo wakipiga kelele juu ya kichwa chake, akaona mahali ambapo wazee mpaka leo wanaacha sadaka zao. Badala yake alirudi na somo ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kumpa: kwamba maumbile ni kitu cha mbali, cha basi na tiketi, cha kutazamwa mara moja kwa mwaka. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema waliotutangulia.

Pwani mnakwenda, hilo nalijua. Jumapili mnakwenda kuogelea, mnapiga picha, mnakula mihogo ya kukaanga, mnarudi. Tatizo ni kwamba wengi wenu mnakwenda maji yakiwa yamejaa, na pwani hujifunua maji yanapokupwa. Kwa hiyo somo la kwanza ni la mwezi. Siku za mwezi kuandama na siku za mwezi mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ndizo siku za bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita 3. Kwenye pwani yetu, bamvua ikiwa imekolea, maji hufika mwisho wa kupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na tena usiku wakati kama huo. Kila siku inayofuata saa ile husogea mbele kwa dakika kama 50. Mwezi ukibaki nusu ni maji mafu, bahari inapwa kidogo na kujaa kidogo, hakuna cha kuona kwenye mwamba. Kila mtu mji huu hupanda juu ya paa kuutafuta mwezi wa Ramadhani. Utafuteni na mwezi wa miezi mingine 11, nanyi mtakuwa mmeshika saa ambayo mabaharia wetu waliishika kabla ya saa za ukutani.

Simu pia inaweza kukuonyesha saa za maji, na sioni ubaya kuitumia kwa hilo. Ukishajua saa, itie mfukoni.

Fikeni saa tatu, maji yakiwa bado yanatoka, muyafuate taratibu. Vaeni raba kuukuu. Nyasi za bahari zitakuwa zimelala upande mmoja, zote zinaelekea yalikokwenda maji. Kati yake kuna viti vya pweza vyekundu na vya kahawia, kuna majongoo bahari yaliyolala kwa uvivu, na kwenye vidimbwi vilivyobaki kuna vifaranga vya samaki vinavyongojea bahari irudi. Mkiona tundu kwenye mwamba, mlangoni pamelundikwa makombe matupu na vijiwe, hapo yumo pweza. Yale ni mabaki ya chakula chake na mawe ya kujifungia mlango. Chuchumaeni kwa mbali kidogo. Atatoa jicho moja kwanza. Kisha mtaona mwamba wenyewe ukibadilika rangi, kahawia ikawa kijivu, kijivu ikaingia wekundu, na huo si mwamba, ni yeye. Nimeona watu wazima wakipiga kelele ya furaha kama watoto kwa jambo hilo, na hakuna aliyewatoza shilingi.

Kisha nendeni penye mikoko, upande wa Sahare au Mwambani. Msiseme “mikoko” mkanyamaza, hiyo ni miti mingi tofauti. Mkoko wenyewe ni ule wenye miguu mingi iliyopinda, umesimama juu ya maji. Mchu ni ule wenye vimizizi vilivyochomoza wima kutoka matopeni, kwa mamia, ndivyo vya kupumulia. Lambeni jani la mchu, mtaonja chumvi. Mti ule unakunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani, na siku ya jua kali mtaona punje zake ziking'aa. Mkomafi una tunda la duara kubwa, likipasuka mbegu zake zina pembe pembe na kuzirudisha zilivyokaa ni kazi ya mchana mzima. Kuna mkandaa, ambao gome lake lilitumika kutia rangi na kutengenezea ngozi. Na mbegu ya mkoko haisubiri ardhi: huota ingali inaning'inia juu ya mama yake, ikarefuka kufikia urefu wa mkono kutoka kiwiko, ndipo ikadondoka na kujichoma topeni, au ikachukuliwa na maji ikaelea siku nyingi na kwenda kuota ng'ambo.

Hapo matopeni, ketini. Hili la kuketi ndilo linalowashinda vijana wa leo, na pasipo kuketi hamtaona kitu. Mkifika tu, kila kiumbe kinaingia shimoni, mbele yenu linabaki tope tupu, na asiyejua ataondoka akisema hapa hapana kitu. Kaeni bila kutikisika kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Tope litaanza kutembea. Kaa wadogo watatoka mmoja mmoja. Dume ana gando moja kubwa mno, karibu limzidi mwili, analipunga juu na chini kuwaita majike na kuwatisha madume wenzake. Jike ana magando mawili madogo, naye anakula kwa yote mawili, bila kupumzika, huku dume akila kwa lile moja dogo. Vitaruka visamaki vyenye macho juu ya kichwa, vinavyotembea topeni na kupanda hadi kwenye mizizi. Kila kimoja kina eneo lake na kinapigana na jirani anayevuka mpaka.

Ikifika Agosti inueni macho mtazame ufukwe wote. Vitwitwi, wale ndege wadogo wanaokimbia mbele ya wimbi, watakuwa wamerudi, na sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda chini. Wengi wao huzaliana mwezi Juni na Julai huko kaskazini ya mbali, Urusi, hadi Siberia ambako bahari huganda kwa baridi. Wengine wamesafiri zaidi ya kilomita 8,000 kuja kula vijidudu vya tope letu. Ifikapo Aprili watakuwa wamenenepa na wengine wamebadilika rangi, wataondoka. Tope hili mnalolitupia chupa za plastiki ndilo wanalolikusudia tangu huko.

Raha ya mambo haya haiji siku ya kwanza. Siku ya kwanza utaona matope, utachafuka, utasema mzee yule kanidanganya. Rudi palepale bamvua ijayo, na inayofuata. Chagua mahali pamoja, penye ukubwa wa uwanja wa mpira, usitangetange. Ukishapazoea utaanza kuona kilichobadilika: mche uliokuwa na majani mawili sasa una manne, pweza amehama, mchanga umesogea baada ya upepo wa kusi kuanza. Mgeni aliyelipia safari kubwa haoni mabadiliko kwa sababu hakuona mwanzo. Hii ni raha ya mwenyeji, na hakuna mwenye fedha anayeweza kuinunua kwa wiki moja.

Sasa nisikilizeni kwa makini juu ya hatari, maana sitaki mzazi anijie na msiba. Maji ya bamvua hurudi kwa kasi, na hurudi kwanza kupitia mikondo iliyo nyuma yenu, kati yenu na nchi kavu. Mkiona maji yamesimama hayatoki tena, geukeni hapohapo, hata kama pweza ndiyo kwanza anatoa jicho. Msiende peke yenu. Penye mchanga laini buruzeni miguu msiinyanyue, ili taa aliyejifukia akimbie badala ya kukanyagwa. Yupo samaki anayefanana na jiwe kabisa, miiba ya mgongoni mwake ina sumu kali. Aliyechomwa atiwe mguu kwenye maji ya moto ya kiasi cha kuvumilika, apelekwe hospitali mara moja. Na lile kombe zuri lenye umbo la pia, lenye madoa ya kupendeza, msiliokote mkalitia mfukoni. Mnyama wake ana mshale wenye sumu, na wako wa aina inayoua mtu. Mwachieni baharini.

Jingine ni adabu. Mkigeuza jiwe kutazama chini yake, lirudisheni lilivyokuwa, maana vilivyoshika upande wa kivulini hufa kwa jua. Manati iacheni nyumbani, au afadhali itupeni. Msikanyage matumbawe hai. Baba zenu na babu zenu waliisikia bahari ya Tanga ikilipuka kwa baruti, wiki kwa wiki, miaka mingi. Mwamba uliolipuliwa unakuwa kifusi, kifusi kinabingirika na kila wimbi, na tumbawe changa haliwezi kushika juu ya kitu kinachobingirika. Iko miamba iliyopigwa kabla hamjazaliwa na bado ni kifusi mpaka leo. Waliorusha baruti walikuwamo wenyeji, watoto wa pwani hiihii. Walijua bei ya samaki sokoni, lakini hawakuwahi kuketi.

Kwa wale ambao bahari iko mbali na mtaa wao, au ambao wazazi hawawaruhusu, msidhani nimewasahau. Tazameni mnazi wowote wenye mnana. Dume, wa manjano, anachana ukuti akapata uzi mrefu, anaruka nao, anaufunga kwa mdomo na kucha, anasuka nyumba inayoning'inia hewani. Jike anakuja kukagua. Anaingia, anavuta hapa, anavuta pale, asiporidhika anaondoka, na dume mara nyingi huibomoa ile nyumba na kuanza upya. Mambo haya yanafanyika juu ya vichwa vyenu mkiwa mnangoja daladala.

Na mbuyu. Wakubwa wengi waliwatisha watoto wasiusogelee mbuyu wakati wa magharibi, wakisema una wenyewe. Mimi nawaambia wakati wa vuli, mbuyu unapochanua, nendeni na mtu mzima jioni mkasimame chini yake. Ua la mbuyu hufunguka jua linapozama. Mkitazama tumba moja bila kupepesa mtaliona likipasuka, petali nyeupe zikajikunja nyuma, kikabaki kishada cha nyuzi nyingi kinachoning'inia kuelekea chini. Harufu yake nzito si ya kumfurahisha binadamu. Ni ya popo. Popo walao matunda huja gizani kunywa utamu wake, wakabeba chavua kifuani kutoka mbuyu hadi mbuyu, na ubuyu mnaoununua kwenye mifuko umetokana na ziara hizo za usiku. Kesho yake ua limeanza kusinyaa, na halikawii kuanguka chini. Mtu anaweza kuishi miaka mingi jirani na mbuyu asilione ua lake hata moja likifunguka, kwa sababu saa ile yuko ndani anatazama runinga.

Tena, mkifungua bomba Ngamiani au Chumbageni, maji yale yanatoka bwawa la Mabayani lililo kwenye mto Sigi, na Sigi huanzia kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki. Ni kule ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na leo ni hifadhi ya mazingira asilia. Atakayejaliwa nauli apande gari mpaka Muheza, kisha Amani, akaone kijito baridi kinachokuwa maji yake ya kuoga. Huko kuna vinyonga, vyura wa misituni, na lile ua la madirisha ya Hannover nalo liko. Lakini nenda Amani ukiwa umekwisha kuujua mtaa wako. Usianzie mbali.

Mwalimu mnaye, na si mimi. Wako bibi zenu, Sahare, Mwambani, Chongoleani na Kigombe, waliokwenda kuchokoa pweza na kuokota tondo tangu wakiwa wasichana. Wanajua majina ya makombe ambayo hayamo kwenye kamusi yoyote niliyoifungua. Wanajua shimo lipi la pweza lina mwenyewe na lipi limehamwa, upepo upi unaleta mwani ufukweni, na mti upi wa mkokoni unatibu nini. Hakuna aliyewaandika. Wengine hawasikii vizuri tena, wengine magoti yamekataa, na majina hayo yamo vichwani mwao tu. Wavulana, msione haya kumfuata bibi pwani mkidhani ni kazi ya wanawake. Wasichana, msikubali kuambiwa pwani si mahali penu, maana walioijua kuliko wote walikuwa bibi zenu. Mwezi ujao ukiandama, mwendeeni mmoja wao usiku wa kuamkia bamvua, mpigieni hodi, mumwamkie shikamoo, mumwombe awachukue kesho yake saa tatu. Mchukulieni kikapu. Mkifika, kila anachokiinua muulizeni kinaitwaje, na muwe na daftari.